Anayetafuta Ajulikane Kwanza

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi Tanzania zimebandikwa namba, na mitaa ambayo wenyeji waliitambua kwa mwembe au kwa duka la fulani imewekewa vibao. Anayedhani kwamba hapo faragha imekwisha analenga pasipo. Namba ya ukutani haimfichui mtu. Kinachomfichua ni kumbukumbu inayounganisha namba hiyo na jina lake. Kwa hiyo swali ni nani aruhusiwe kuifungua kumbukumbu hiyo, na mwenye jina awe amearifiwa nini kabla haijafunguliwa.

Kwa miaka mingi swali hilo halikutusumbua, maana anwani zetu hazikutaja mlango. Sanduku la posta lilimfikishia mtu barua bila kumwonyesha aliyeiandika mahali anapolala, na mara nyingi sanduku lenyewe lilikuwa la shule, la kanisa au la mwajiri. Aliyetaka kufika kwa miguu yake ilibidi aulizie. Mjumbe wa nyumba kumi naye hakujibu kabla hajauliza: wewe ni nani kwake, umetokea wapi, ana habari kwamba unakuja? Mgeni alikalishwa kwenye benchi, mtoto akatumwa kwenda kusema kuna mtu anakuulizia, anasema ametoka Singida. Wakati mwingine mtoto alirudi na jibu kwamba mwenyewe amesafiri, na wote waliokuwapo barazani, mgeni akiwamo, wakaelewa.

Naona utaratibu huo ulikuwa na sifa ambayo mifumo ya leo imeipoteza: mtafutaji alionekana kabla ya anayetafutwa. Palipogeuzwa mpangilio huo, madhara yake yameandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama. Mwaka 1989, huko California, mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake na mtu aliyekuwa akimwandama. Muuaji alikuwa amemlipa mpelelezi wa kujitegemea, na anwani ikapatikana kwenye kumbukumbu za idara ya magari ya jimbo hilo. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzifunga kumbukumbu za madereva mwaka 1994. Miaka mitano baadaye, Amy Boyer aliuawa New Hampshire na mtu aliyenunua taarifa zake kwa kampuni ya mtandaoni. Mahali pake pa kazi palijulikana kwa simu: mpigaji alimdanganya yeye ni nani na anapiga kwa sababu gani, naye Boyer akajibu. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilisema mpelelezi anayeuza taarifa za mtu ana wajibu wa kuchukua tahadhari, kwa kuwa hatari ya kuandamwa inatabirika.

Lakini tusimpambe mjumbe kupita kiasi. Mwanamke aliyekimbia kipigo anajua kwamba mjumbe anaweza kuwa rafiki wa mumewe, na kwamba vijana wa kijiwe cha bodaboda watamwelekeza yeyote aliyevaa vizuri. Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba ridhaa ilikuwa mikononi mwa mtu wa kati. Msalaba Mwekundu, katika kazi yake ya kuunganisha familia zilizotenganishwa na vita, umeliziba pengo hilo. Ndugu anapotafutwa na kupatikana, huulizwa yeye kwanza kama anataka aliyemtafuta ajue alipo. Akikataa, anwani haitolewi, hata kama anayeomba ni mama yake mzazi. Jibu hilo linauma, lakini ni la haki: undugu unampa mtu sababu ya kuulizia, haumpi idhini ya kubisha hodi.

Sheria zetu zimefika nusu ya njia. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inalinda maskani ya mtu. Kenya ina ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 na sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Tanzania ikapata sheria ya taarifa binafsi mwaka 2022. Sheria hizo mbili zinawabana hasa wanaokusanya na kutunza taarifa. Hatari ya kila siku, hata hivyo, ni karani anayemchungulilia rafiki yake kwenye mfumo, kwa nia njema kabisa, akiamini kwamba anamsaidia mtu kumpata mwanafunzi mwenzake wa zamani. Angefanya vyema zaidi kuipokea namba ya simu ya rafiki huyo na kumpelekea anayetafutwa, mwenyewe aamue kupiga au kunyamaza.

Atabaki mwenye madai: mama anayedai matunzo ya mtoto, au mkopeshaji. Hawa hawawezi kungoja ridhaa ya mdaiwa. Hata hivyo haki yao haitegemei kukabidhiwa anwani. Mdaiwa asipopatikana, mahakama inaweza kuamuru wito utangazwe gazetini au ubandikwe kwenye mlango wa nyumba ya mwisho aliyojulikana kuishi, na kesi ikaendelea. Anayeomba amri hiyo hutaja jina lake, hula kiapo na kueleza sababu zake mbele ya hakimu.