Vipimo vya Matende Kyela: Kutoka Damu ya Usiku hadi Uhandisi wa Protini

Kata ya Busale imo katika Wilaya ya Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, katika bonde ambamo mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka nyanda za juu kuelekea ziwani. Mvua nyingi, joto na mafuriko ya masika hustawisha mpunga na kakao, lakini pia hulea mbu wanaoeneza minyoo ya matende na mabusha. Historia ya ugonjwa huu wilayani mara nyingi husimuliwa kwa kutaja dawa. Hata hivyo, ni vipimo vilivyoamua, kipindi baada ya kipindi, ni mgonjwa yupi aonekane na yupi asijulikane kabisa.

Mwaka 1877, tabibu Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Amoy nchini China, aligundua kwamba minyoo hiyo hukua ndani ya mbu, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba vitoto vyake hujaa katika damu ya pembeni nyakati za usiku. Elimu hiyo ilikuwa changa bado wakati Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani ambaye baadaye aliongoza Taasisi ya Magonjwa ya Kitropiki ya Hamburg, alipofanya utafiti katika mwambao wa Nyasa mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miongo mingi iliyofuata, mpimaji alilazimika kuwaamsha watu karibu na saa sita za usiku, kuwatoboa kidole, kupaka tone la damu kwenye kioo, kulikausha na kulitia rangi, kisha kutafuta vimelea kwa hadubini. Mtu ambaye minyoo yake mikubwa ilikuwa hai, lakini vitoto vyake vikawa vichache, alihesabiwa kuwa mzima.

Njia nyingine ilifunguka mwaka 1975, pale Georges Köhler na César Milstein walipobuni huko Cambridge namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu. Kingamwili ni protini ya kinga inayonasa umbo mahususi la kitu kigeni, nacho kitu hicho kinachonaswa huitwa antijeni. Hivyo kingamwili inaweza kuwa sehemu ya utambuzi katika kihisi cha kibayolojia, yaani kifaa kinachotumia molekuli za viumbe kugundua kitu na kutoa ishara inayosomeka. Kingamwili iitwayo Og4C3, iliyotengenezwa Australia kwa kutumia mnyoo wa ng'ombe, ilitambua antijeni ya mnyoo wa matende hata katika damu iliyochukuliwa mchana.

Kyela ilidhihirisha thamani ya badiliko hilo. Kati ya mwaka 2006 na 2011, kituo cha utafiti wa tiba cha Mbeya, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Munich, kilifuatilia afya za wananchi wa maeneo tisa ya mkoa, Kyela ikiwemo. Sampuli za Kyela zilipopimwa kwa Og4C3, ilibainika kwamba watu wenye minyoo hiyo walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wasio nayo, matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet. Uhusiano huo haungeonekana kwa urahisi iwapo kila mshiriki angetakiwa kutolewa damu usiku. Siku hizi ukanda mdogo wa karatasi hupokea matone machache ya damu ya kidole na kusomwa baada ya dakika 10: mstari mmoja huthibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi, na wa pili hufichua antijeni.

Hata hivyo, antijeni hudumu mwilini kwa muda mrefu baada ya tiba, na katika Afrika ya Kati mnyoo wa loa huweza kuudanganya ukanda huo. Hapo ndipo uhandisi wa protini unapohitajika. Frances Arnold, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, alionyesha jinsi protini zinavyoweza kubadilishwa vinasaba, kuchujwa na kubadilishwa tena hadi zifikie sifa inayotakiwa. Watafiti wa Ubelgiji nao walieleza mwaka 1993 kingamwili za ngamia, ambazo kipande chake kidogo cha kunasia huvumilia joto kuliko kingamwili za kawaida. Wengine huigawa protini inayotoa mwanga vipande viwili, ili viungane na kuwaka pale tu vinapokutanishwa na kitu kinachotafutwa.

Kwa wakazi wa Busale, ambao kama Watanzania wengine wameshiriki kumeza kingatiba, yaani dawa zinazogawiwa jamii nzima, kipimo bora si anasa ya maabara. Kadiri wagonjwa wanavyopungua, ndivyo jibu lisilo sahihi linavyogharimu zaidi, kwa kuwa linaweza kusitisha dawa mapema au kuziendeleza bila sababu. Kwa hiyo wasanifu wa protini wanawajibika kuanza na mahitaji ya bonde hili: kihisi kinachostahimili joto na unyevu, kinachotenganisha maambukizi yaliyo hai na masalia yake, na kinachoweza kusomwa na mhudumu wa zahanati mbele ya mgonjwa mwenyewe.