Dashibodi ya gari la zamani imepasuka? Usiitupe kwanza

Peugeot 504, Land Rover Series III, Datsun 120Y, Mercedes W123. Magari haya yana wapenzi wake Dar es Salaam mpaka leo, na mengi yanaumwa ugonjwa mmoja. Injini inawaka, bodi imepigwa rangi upya, lakini ukifungua mlango unakuta dashibodi imepasuka kama udongo wa kiangazi.

Wengi wakiamua kuitengeneza huanza kwa kuing'oa na kuitupa, halafu ndipo wanashuka Gerezani kutafuta nyingine. Huo ni mpango wa kinyumenyume. Kwa gari la miaka ya 1970, dashibodi mbovu uliyonayo mara nyingi ndiyo spea ya thamani kuliko zote, maana ndiyo pekee unayojua kwa uhakika kwamba inaingia kwenye gari lako.

Kwa nini inapasuka

Dashibodi nyingi za zama hizo zina matabaka matatu: fremu ya chuma, sponji juu yake, kisha ngozi ya plastiki ya PVC. Plastiki hiyo kwa asili ni ngumu, kiwandani hulainishwa kwa kemikali za mafutamafuta. Jua na joto huzitoa kidogo kidogo kwa miaka. Ule ukungu wa mafuta unaoufuta kwenye kioo cha mbele kwa ndani, sehemu yake hutoka humo.

Ngozi ikishakauka inasinyaa, na inachanika pale palipo dhaifu, kwa mfano juu ya geji au kwenye kona ya tundu la spika. Gari likiegeshwa juani mchana kutwa na vioo vimefungwa, dashibodi inaweza kufika nyuzi joto 70. Namba hiyo ishike, ina kazi yake huko mbele kwenye gundi.

Usukani upande gani?

Wilaya ya Ilala ndiyo moyo wa biashara ya spea jijini. Kariakoo na Gerezani kuna maduka kwa maduka, na Shauri Moyo inajulikana kwa spea za mtumba. Tatizo ni kwamba mzigo mwingi ni wa magari ya Kijapani ya miaka ya karibuni. Ukiuliza dashibodi ya 504, utaambiwa "acha namba, nikiipata nitakupigia."

Hapo watu hukimbilia mtandaoni, na mtego ndipo ulipo. Ufaransa ilitengeneza 504 kuanzia 1968 mpaka 1983 na spea zake bado zinauzwa kule, lakini ni za usukani wa kushoto. Geji, kabati la abiria na matundu ya hewa, vyote viko upande ambao kwako si wake. Za kutoka Bujumbura, Kigali au Lubumbashi ni yaleyale. Hata Nigeria, iliyounganisha 504 mjini Kaduna, inaendesha upande wa kulia wa barabara tangu 1972.

Mahali pa kutafuta ni nchi za usukani wa kulia: Kenya, ambako 504 ziliunganishwa kwa miaka mingi, Afrika Kusini au Uingereza. Hata huko, omba picha ya nyuma ya dashibodi, siyo ya mbele tu, na ulinganishe matundu ya skrubu na yako kabla ya kutuma hela.

Mwenye Land Rover Series II au IIA yeye anacheka tu. Dashibodi yake ni bati na geji ziko katikati, kwa hiyo upande wa usukani haumsumbui. Ni Series III, iliyotoka 1971, iliyohamishia geji mbele ya dereva na kuwekewa dashibodi ya sponji na plastiki. Ikawa nzuri zaidi kwa macho, na ikaanza kupasuka.

Jambo jingine la kuangalia sokoni ni asili ya spea. Kipande safi kwa bei ya kutupa, muuzaji hataki kuandika risiti, achana nacho. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haimshiki mwizi peke yake, humshika pia anayepokea mali huku akijua ni ya wizi. Dai risiti ya EFD, na kama muuzaji hana mashine, angalau maandishi yenye jina, simu na tarehe.

Kuivisha leza upya

Kwa wengi hili ndilo suluhisho. Mafundi wa kushona siti wanaweza kuivisha dashibodi leza mpya, mradi wapewe ile ya zamani, ndiyo kalibu yao. Ngozi iliyobanduka nayo isitupwe, inatumika kukatia vipimo.

Kabla ya kugusa skrubu, toa waya wa negativu kwenye betri. Waya za gari la miaka 40 zimekakamaa, zikigusana kitakachofuata ni moshi. Kisha chukua simu, piga picha ya kila soketi, kila rangi ya waya, na kebo ya spidi inavyoingia nyuma ya mita. Skrubu za kila upande ziwekwe kwenye mfuko wake ulioandikwa. Kipande kikigoma usikivute. Karibu kila mara kuna skrubu imejificha ndani ya kabati, chini ya kibakuli cha majivu au nyuma ya redio.

Kwenye nyufa, fundi akitoa puti ya bodi mzuie. Puti hukauka ikawa jiwe, wakati dashibodi inatanuka na kunywea kila siku, kwa hiyo ufa utarudi palepale. Kinachotakiwa ni kijazio kinachonyumbulika, na sponji iliyooza ikatwe iwekwe nyingine.

Leza iwe nyeusi au kijivu kizito, isiyong'aa. Inayong'aa hupendeza dukani, ila saa saba mchana inajitupa kwenye kioo cha mbele na dereva haoni mtu anayevuka Msimbazi. Manyoya yaliyozoeleka kwenye baadhi ya daladala nayo yana ubaya wake: yanashika unyevu, na bati la chini linaota kutu kimyakimya.

Sasa ile namba 70. Gundi nyingi za kawaida za viatu hulegea kwenye joto hilo, kingo zinaanza kunyanyuka. Uliza gundi ya kuhimili joto, na usome kopo mwenyewe. Kazi yenyewe ikifanyika Juni hadi Agosti ni afadhali kuliko wakati wa masika, kwa sababu hewa yenye unyevu huharibu mshiko wa gundi kabla haijakauka.

Kosa moja huwachanganya hata mafundi wazoefu. Kwenye baadhi ya magari ya zamani, geji hupata ethi kupitia bati la dashibodi lenyewe. Ukipaka rangi au kubandika leza mpaka nyuma ya tundu, umeme unakosa njia ya kurudi. Geji inalala, na mwenye gari anaambiwa anunue mpya. Kwangua sehemu ndogo ya bati, au vuta waya mmoja mpaka kwenye bodi.

Kwa magari ya miaka ya 1990 yenye maandishi ya SRS, sehemu ya mfuko wa hewa isivishwe chochote. Leza iliyobana pale inaweza kuuzuia mfuko kufunguka siku ya ajali.

Mercedes W123 zenye urembo wa mbao zina kesi yao. Mbao hiyo ya michirizi, zebrano, asili yake ni misitu ya Cameroon na Gabon, na hapa si rahisi kuipata. Seremala mzuri wa Keko anaweza kubandika ubao mwembamba wa mninga. Hautafanana na wa kiwandani, lakini ukipigwa vanishi ya kuzuia jua unakaa vizuri kuliko plastiki ya kuiga mbao.

Malipo ya mwisho yapangiwe kabla ya kazi kuanza: gari lilale juani siku mbili, vioo vimefungwa, ndipo fundi amaliziwe chake. Kingo zikinyanyuka, gari linarudi gereji na hela inabaki mfukoni.