Wageni, Watoto na Pipi za Kutupwa

Mgeni akitoka katika mji wetu wa Lubumbashi kwenda Likasi au Kolwezi, hakosi kuzungukwa na watoto kila mara gari linaposimama. Huyu anauza karanga, yule anauza maji, mwingine hana cha kuuza, ananyoosha mkono tu. Mgeni mwema huona huruma. Atoa fedha kidogo, apiga picha, gari laondoka. Moyoni anajisifu kwamba ametenda jambo jema. Labda. Lakini desturi hii ya msafiri kumtazama mtoto wa maskini, kumpa kitu kidogo na kwenda zake, si ya leo wala jana. Ina historia yake, nasi Wakongo tumo ndani yake tangu zamani.

Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili, aliyeishika nchi yetu kama shamba lake mwenyewe, aliwakaribisha watu kwenye maonyesho makubwa mjini Brussels. Sehemu ya Kongo iliwekwa Tervuren, kando ya mji, katika uwanja wa mfalme. Wakaletwa kwa meli Wakongo 267, wanaume, wanawake na watoto, wakajengewa vijiji vitatu wakae humo watazamwe. Viwili vilikuwa vya kuonyesha ushenzi, kama watu wa siku zile walivyosema. Cha tatu kilikuwa cha kuonyesha ustaarabu, nacho kiliitwa Gijzegem, kwa jina la kijiji cha Flandria ambako padri mmoja, Van Impe, alikuwa akiwafundisha watoto waliotolewa Kongo. Watoto hao wakawekwa Tervuren ili wageni waone jinsi walivyogeuka. Hatuna sababu ya kusema padri yule alikuwa na nia mbaya. Lakini mtoto aliyepelekwa nchi ya mbali apate elimu, naye akasimamishwa mbele ya umati kama ushahidi wa elimu hiyo, amekwisha kutumiwa.

Wakaja watazamaji zaidi ya milioni moja. Wengi walikuwa watu wa kawaida, mafundi, wakulima na wake zao, waliovaa nguo za Jumapili. Hawakuja na fimbo wala mnyororo. Walikuja na pipi na vyakula, wakawarushia watu wa vijijini mle, hata baadhi yao wakaumwa matumbo. Ndipo wakubwa wa maonyesho wakaweka kibao cha kusema kwamba watu weusi wanalishwa na kamati. Msomaji atakumbuka ni mahali gani huwekwa vibao vya namna hiyo: ni penye vizimba vya wanyama.

Majira yale yalikuwa ya baridi na mvua. Wakongo saba wakafa: Sambo, Mpemba, Ngemba, Ekia, Nzau, Kitukwa na Mibange. Kwanza walizikwa mahali pasipo heshima, pamoja na watu waliokataliwa maziko ya Kanisa. Mwaka 1953 tu ndipo walipohamishiwa kando ya kanisa la Tervuren, na makaburi yao yapo hapo mpaka leo.

Mtu angedhani funzo lilikwisha kueleweka. Mwaka 1958 Ubelgiji ikafanya tena maonyesho ya dunia nzima Brussels, na Wakongo 598 wakapelekwa, kati yao watoto 197. Nyuma ya ua wa mianzi mafundi wetu walikaa mbele ya vibanda vya majani, wakichonga na kusuka, na watu wakisimama ng’ambo kuwatazama. Baadhi ya watazamaji waliwatupia ndizi na senti. Safari hii mafundi wakanung’unika waziwazi, na mwezi wa Julai wakaacha vibanda vyao wakarudi kwao. Miaka miwili baadaye nchi ikapata Uhuru.

Twaweza kuuliza, mtazamaji alikosa nini? Hakumpiga mtu, hakumwiba mtu. Wengine waliwahurumia kweli. Naam, lakini bila watazamaji milioni ule ua usingejengwa. Anayetembea kwa kujifurahisha huita kazi mahali anapofika, atake asitake. Akitaka kuona simba, watu watatafuta simba. Akitaka kuona mtoto mwenye shida, atapatikana mtu wa kumtafutia mtoto huyo.

Tuvuke sasa mpaka pwani ya Kenya, nchi ya wenyewe wa lugha hii tunayoiandika. Huko wageni wa ndege walianza kuja kwa wingi baada ya Uhuru, wakifuata jua na mchanga mweupe. Hoteli zikajengwa Malindi, Mombasa na Diani. Vijana wengi wakapata kazi ya halali, ya upishi, ya udereva, ya kuongoza wageni, na si haki kulisahau jambo hilo. Lakini nyuma ya hoteli kulizuka biashara nyingine. Mwezi wa Desemba 2006 Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, yaani UNICEF, pamoja na serikali ya Kenya, walitoa habari ya uchunguzi wao. Walikadiria ya kuwa wasichana 10,000 hata 15,000 wa Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani walikuwa wakiuza miili yao mara kwa mara, wakiwa na umri wa miaka 12 hadi 18. Watoto wengine 2,000 au 3,000, wasichana kwa wavulana, waliifanya kazi hiyo mwaka mzima.

Na walionunua je? Hapa wengi wetu tungependa kusikia kwamba ni Wazungu tu. Waitalia walikuwamo, na Wajerumani, na Waswisi. Lakini kundi kubwa kuliko yote, karibu watu 38 katika kila 100, lilikuwa la Wakenya wenyewe. Hesabu hiyo imenikaa moyoni kuliko nyingine zote, maana yatuhusu sisi wa Katanga. Kwetu hakuna mchanga wa bahari. Wasafiri wetu wengi ni madereva wa malori wanaongoja siku nyingi pale Kasumbalesa kuvuka mpaka, ni wafanyabiashara, ni watu wa migodi waliotumwa mbali na wake zao. Wana fedha mfukoni na hakuna jirani anayewajua. Ni Waafrika, ni baba wa watoto. Msichana anayeuza chakula kando ya malori saa tatu usiku hamwogopi mtalii wa Ulaya. Hajamwona hata siku moja.

Sheria zipo. Ubelgiji tangu mwaka 1995 yaweza kumhukumu kwao mtu aliyemharibu mtoto katika nchi ya kigeni. Kenya iliandika kosa la safari za namna hii katika sheria yake ya mwaka 2006. Na Kongo yetu ina sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Lakini askari hakai katika kila nyumba ya wageni. Mwenye nyumba ndiye anayeona nani anapanda ngazi na nani.

Limebaki neno moja, juu ya wageni wale walio wema kabisa, wanaotembelea nyumba za yatima. Huko Kambodia nyumba hizo zilikuwa 153 mwaka 2005. Kufika mwaka 2010 zilikuwa 269, wakati vita vilikwisha zamani lakini watalii wanaongezeka. Walipohesabiwa watoto, karibu robo tatu yao walikuwa na baba au mama aliye hai. Wenye nyumba walitafuta watoto kwa sababu wageni walitafuta yatima. Na tusiseme ni mambo ya Asia. Mwaka 2015 watoto wa Gemena, kaskazini mwa nchi yetu, walisafirishwa mpaka Kinshasa, wazazi wao wakiambiwa wanakwenda kwenye likizo. Kisha wakapelekwa Ubelgiji, wakapewa wazazi wapya waliodhani wamepokea yatima. Miaka miwili baadaye mambo yakafunuliwa, na vipimo vikaonyesha wazazi wa kweli wangali hai. Ni zaidi ya miaka mia moja tangu Gijzegem, na watoto wetu walipita njia ile ile.

Basi mgeni akikuuliza, wewe uliye mwenyeji wa Lubumbashi, ni wapi aende kuwaona watoto maskini na kuwapelekea zawadi, usimpeleke mbio. Mwulize kwanza kama huko kwao mtu aweza kuingia shuleni bila ruhusa na kupiga picha watoto wa wenzake. Akitaka kutoa msaada, aende kwa wale wanaokaa na watoto mwaka mzima, kama Mapadri wa Don Bosco walioko mjini hapa tangu mwaka 1911, ambao nyumba yao ya Bakanja huwapokea watoto wa barabarani na kuwatafutia jamaa zao. Na mahali pengine popote, kabla ya kutoa faranga moja, aulize juu ya kila mtoto: mama yake yuko wapi, na alimwona lini mara ya mwisho?