Kurasa za HTML kutoka kwenye seva: njia tatu za Go na Rust

Msafirishaji anapofungua ukurasa wa kufuatilia shehena, seva huchukua taarifa za mzigo na kuzipanga kwa HTML. Kwa Go na Rust, lugha ambazo programu zake hugeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla ya kutumika, zipo njia tatu.

Ya kwanza ni kuunganisha maneno ndani ya programu. Ni rahisi, lakini mtu akijaza msimbo wa hila kwenye nafasi ya jina la mzigo, unaweza kufanya kazi katika kivinjari cha mteja na kuteka akaunti yake.

Ya pili ni kiolezo. Maktaba ya html/template, iliyomo katika Go 1 ya mwaka 2012, huzima alama hatari kulingana na mahali zilipo. Hata hivyo, jina la taarifa likikosewa, kosa hujitokeza ukurasa unapofunguliwa.

Ya tatu, kama Askama ya Rust, nayo huzima alama hizo, na hukagua kiolezo programu inapotengenezwa. Gharama yake ni kwamba kiolezo kikibadilishwa, programu hutengenezwa upya.

Mwenye malori amuulize fundi wake: kosa litaonekana ofisini, au dereva akiwa mpakani?