Grafu Inayojibu

Zamani kazi ya mwanatakwimu iliishia kwenye karatasi. Alikokotoa, akachora grafu, akaipachika ndani ya ripoti. Msomaji aliyetaka kujua hali ingekuwaje kwa namba nyingine alibaki na swali lake.

Mei 1976, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Chambers na wenzake walianza kubuni lugha ya kumwezesha mtafiti kuzitumia programu za Fortran papo kwa papo, bila kuandika programu nzima kila alipotaka kujaribu jambo dogo. Wakaiita S. Baadaye iliuzwa kibiashara, na si kila chuo kiliimudu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, waliunda R, yenye sintaksia inayofanana sana na ya S. Mwaka 1995 Martin Mächler wa Zurich akawashawishi waitoe bure kwa leseni ya GNU. Kwa maoni yangu, bila uamuzi huo yaliyofuata yasingetokea, kwani tangu hapo yeyote aliweza kuifungua R na kuiongezea chake.

Majaribio ya kuipeleka kwenye wavuti hayakuchelewa. Rweb ya Jeff Banfield, ya 1999, ilipokea amri kupitia ukurasa, seva ikakokotoa, ukurasa mwingine ukarudi na jibu. Aliyetaka zaidi ya hapo ilimpasa ajifunze JavaScript, na wanatakwimu wengi hawakuwa na hamu hiyo.

Novemba 2012 kampuni ya RStudio ikatoa Shiny, kifurushi cha R cha kutengenezea programu za wavuti, kazi ya Joe Cheng. Mfano wake maarufu unahusu Old Faithful, chemchemi ya maji moto ya Yellowstone: vipindi 272 vya kusubiri maji yaruke, vikiwa kwenye histogramu, na kando yake kitelezi. Ukikisogeza, nguzo za histogramu zinaongezeka au kupungua palepale. Ajabu ni kwamba mwandishi wa programu haagizi popote grafu ichorwe upya. Anaeleza tu kuwa grafu inahitaji idadi ya nguzo. Shiny yenyewe, grafu inapochorwa, hutazama ni thamani zipi zimesomwa na kuziweka kwenye kumbukumbu. Moja ikibadilika, hukokotoa tena vile tu vinavyoitegemea. Fomula za Excel zilikuwa zikifanya hivyo miaka yote, mbele ya macho ya kila mhasibu.

Udhaifu ulikuwepo. R hufanya kazi moja kwa wakati mmoja, hivyo hesabu nzito ya mtumiaji mmoja iliwasubirisha wengine wote. Mwaka 2018 Shiny ikapewa njia ya kuzihamishia hesabu kama hizo pembeni.

Mwaka 2023 ikaja webR, yaani R inayoendeshwa ndani ya kivinjari chenyewe. Kwa programu ya namna hiyo, anayefungua ukurasa hukokotoa kwa kompyuta yake na hana foleni ya seva, ila husubiri kwanza R ipakuliwe.