Hazina ya utafiti: Ahadi ya sheria ingali mbali kutimizwa

SHERIA ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 ilifuta ile ya 1977 na kugawa majukumu ya utafiti nchini Kenya kwa asasi tatu.

Tume ya NACOSTI ilipewa kazi ya kusimamia ubora wa utafiti na kutoa vibali kwa watafiti. Shirika la KENIA lilitwikwa jukumu la kuwasaidia wavumbuzi kugeuza mawazo yao kuwa bidhaa za kuuzwa sokoni. Nayo Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, yaani NRF, iliundwa ili kugharimia kazi za watafiti.

Sheria hiyo inaagiza kwamba kila mwaka wa kifedha, NRF ipokee kutoka kwa serikali asilimia 2 ya pato la taifa. Kwa maneno mengine, katika kila Sh100 za pato hilo, Sh2 ziende kwa utafiti. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa.

Pengo hilo si geni. Takwimu za UNESCO zilionyesha kuwa mwaka wa 2010, Kenya ilitumia asilimia 0.79 pekee kwa utafiti, na karibu nusu ya fedha hizo zilitoka ng'ambo.

Mfadhili wa nje huja na vipaumbele vyake, na muda wa mradi ukiisha, fedha hukatika. Mkulima anayesubiri mbegu zinazostahimili ukame hawezi kutegemea mpango wa aina hiyo. Mkono mtupu, walisema wahenga, haulambwi.