Kanuni za Kuchambua Barua katika Nchi ya Geita

Kila mahali penye barua nyingi na msomaji mmoja, hapana budi iwepo kanuni ya kuziamua barua kabla hazijasomwa. Jambo hili laonekana dogo, na watu wengi hudhani kwamba lilianza pamoja na kompyuta, pale barua pepe zilipozidi kuwalemea wafanyakazi wa ofisini hata wakaziwekea machujio ya kuzigawa zenyewe. Lakini desturi hiyo ni ya zamani zaidi, na historia yake katika nchi ya Geita, kusini ya ziwa Nyanza, yaonyesha jinsi karani, na baada yake mashine, walivyopewa kidogo kidogo mamlaka ya kuamua ni neno la nani litakalofika mezani kwa mkubwa na ni la nani litakalongoja.

Katika siku za Wadachi barua hazikuwa nyingi. Serikali yao iliandikiana na maakida na majumbe kwa Kiswahili, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kirumi, na barua ilichukuliwa na tarishi aendaye kwa miguu. Tarishi huyo alikuwa zaidi ya mchukuzi. Alimjua aliyemtuma na alimjua aendewaye, na kama barua haikueleweka aliweza kuulizwa, naye akajibu kwa kinywa. Kwa hiyo uchambuzi ulifanywa na mtu mwenye macho na masikio, tena mtu awezaye kulaumiwa. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo na barua za Mwanza zikaanza kupita ziwani kwa meli na kushuka Mombasa. Na mwaka 1928 tawi la Reli ya Kati lilipotoka Tabora hadi Mwanza, njia ya Dar es Salaam nayo ikafunguka. Lakini aliyetaka kutoka Mwanza kwenda Geita kwa njia fupi bado alikuwa na ghuba ya kuvuka, na kwa miaka mingi alingoja kivuko, mpaka daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025.

Kilichozidisha barua ni dhahabu. Wajerumani waliigundua Geita mwaka 1898, lakini mgodi mkubwa haukuanza kutoa mali ila mwaka 1936, chini ya Waingereza, nao ukaendelea hata mwaka 1966 ulipofungwa. Katika wakati wake mgodi huo ulihesabiwa kuwa mkubwa kupita yote ya dhahabu katika Afrika ya Mashariki. Mahali pa namna hiyo hukusanya watu walioacha jamaa mbali, na jamaa huandika: mama ameugua, kodi haijalipwa, mahari imedaiwa, mtoto amezaliwa. Na hapo ndipo ilipoonekana ile ajabu ya posta ya nchi hii, yaani sanduku.

Huku kwetu posta haikuwa na desturi ya kumfuata mtu mlangoni pake. Barua ilikwenda mpaka ofisi ya posta, ikaingia katika sanduku lenye namba, na mwenye ufunguo akaja kuichukua. Herufi tatu S.L.P. zimekuwa sehemu ya anwani ya kila mtu, hata ya yule asiyekuwa na sanduku kabisa, kwa kuwa mtu huyo alitumia la shule, la misheni, la duka, la chama cha ushirika au la mwajiri wake. Kwa hakika sanduku lilikuwa kanuni ya kwanza iliyofanya kazi bila ya kumjua mtu: haikuuliza barua ni ya furaha au ya msiba, ilitazama namba tu. Baada ya kanuni hiyo ilikuja ya pili, nayo ilikuwa mikononi mwa mwalimu au mwenye duka, aliyezimwaga barua mezani na kuzigawa kwa majina. Yule aliyegombana na mwenye duka alikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi juu ya barua zake. Ni jambo la kustaajabisha kwamba wanahistoria wameandika mengi juu ya reli na meli, na machache mno juu ya ufunguo wa sanduku la posta, ilhali ufunguo huo ulikuwa na nguvu nyingi katika kijiji.

Katika boma kazi ilikuwa nyingine. Bwana Shauri hakuweza kusoma kila karatasi iliyoletwa, na kwa sababu hiyo Waingereza waliimarisha masjala, nayo ikarithiwa na serikali ya Tanganyika huru na kisha ya Tanzania. Barua ilipofika, karani wa masjala aliifungua, akaipiga muhuri wa tarehe, akaiandika katika daftari la barua zilizopokelewa, akaitafutia jalada lake, akaipa namba ya ukurasa ndani ya jalada, ndipo jalada zima likapelekwa kwa ofisa anayehusika. Barua zilizoandikwa neno "Siri" juu ya bahasha hazikuguswa na karani huyo; ziliingia masjala ya siri, kwa karani mwingine. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana: neno moja juu ya bahasha liligeuza njia yote ya barua, hata kabla ya mtu yeyote kujua kilichomo ndani.

Masjala ndiyo iliyoiumba barua ya Kiswahili ya kiserikali kama ilivyo hata leo. Juu huandikwa "Kumb. Na.", yaani namba ya kumbukumbu, na chini ya salamu huandikwa "Yah:", kisha jambo lenyewe kwa herufi kubwa. Mwanafunzi hufundishwa umbo hilo shuleni kana kwamba ni adabu tu ya uandishi, lakini asili yake ni haja ya karani. Namba yamwambia ni jalada gani. "Yah:" yamwambia barua yahusu nini. Jina la mtumaji na cheo cha mpokeaji vyamaliza yaliyobaki. Maswali manne, na barua imekwisha kupata mahali pake. Mtu aliyeandika barua ndefu ya malalamiko bila ya namba, akichanganya habari ya shamba, ya ng'ombe na ya mtoto aliyefukuzwa shule, alimtia karani mashakani, maana barua yake ilifaa majalada matatu na haikufaa hata moja. Aghalabu barua kama hiyo iliingia jalada la mambo mengineyo, na kila aliyepata kufanya kazi masjala ajua jinsi jalada hilo linavyonenepa.

Hatari ya jambo hili haikuwa ya karatasi tu. Katika miaka ya 1950 wilaya ya Geita ilikuwa katika Jimbo la Ziwa, na tangu mwaka 1954 TANU ilikuwa imezuiwa kuwa na matawi yake Usukumani. Serikali ikaazimu kuweka Geita baraza la wilaya la mseto, lenye wajumbe wa rangi zote, na wenyeji walio wengi hawakulitaka. Mwaka 1958 watu wengi waliondoka makwao wakaenda Mwanza kumkabili mkuu wa jimbo mwenyewe. Polisi waliwatawanya kwa moshi wa kutoa machozi, lakini mwishowe serikali ilirudi nyuma, na marufuku ya TANU ikaondolewa mwaka huo huo. Yapo maelezo mengi ya kisiasa ya tukio hilo, na ni ya kweli. Hata hivyo mtu aweza kuongeza jingine: umati uliosimama mbele ya ofisi hauwezi kupewa namba ya jalada.

Njia nyingine iliyokuwa wazi kwa Watanganyika ni kuandika New York, kwa kuwa nchi yao ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1946, na mkaaji yeyote alikuwa na haki ya kupeleka ombi kwa Baraza la Udhamini. Kirilo Japhet wa Meru alifika huko yeye mwenyewe mwaka 1952 kwa ajili ya ardhi ya watu wake. Lakini huko nako palikuwa na masjala. Kila ombi la Tanganyika lilipewa alama T/PET.2, kwa maana katika orodha ya nchi za udhamini Tanganyika ilikuwa ya 2. Mnamo mwaka 1955 na 1956 maombi kutoka Kameruni yalipomiminika kwa maelfu mengi, Baraza halikuweza tena kuyapima moja moja, likayakusanya kwa mafungu ya mambo yanayofanana na kuyajibu kwa pamoja. Hapo kanuni ya kuchambua iliigeuza haki ya mtu mmoja kuwa sehemu ya fungu, na haikuhitaji ubaya wa mtu yeyote kufanya hivyo. Wingi wa barua ulitosha.

Wenye kompyuta walikutana na shida ile ile karibu miaka 20 baadaye. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya DEC huko Marekani, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET, na tangazo hilo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. Mwaka 1982 Peter Denning aliwaonya wenzake wa chama cha wanakompyuta kwamba barua za mashine zitawashinda kuzisoma. Mwaka 1987 Thomas Malone na wenzake katika chuo cha MIT walieleza programu waliyoiita Information Lens, ambayo mtumiaji aliiandikia kanuni za namna ya "ikiwa... basi": ikiwa barua yatoka kwa fulani na yahusu mkutano, basi itiwe katika folda ya mikutano. Karani wa Geita asingelishangaa. Ni Kumb. Na. na Yah: zilizofundishwa kwa mashine.

Zilizofuata zilikuwa nyingi, nazo zaweza kupitwa upesi. Mwaka 1990 Stephen van den Berg alitoa procmail, ambayo kanuni zake husomwa kwa mfuatano, na ile ya kwanza inayoipeleka barua folda yake huimaliza safari. Hivyo kanuni iliyotangulia huweza kuifunika iliyo nyuma yake, na mtumiaji asijue. Mwaka 2001 ilitangazwa lugha ya kanuni iitwayo Sieve, jina lenye maana ya chekeche. Lugha hiyo yastahili kutajwa kwa sababu moja kubwa: watungaji wake waliamua kwamba barua ambayo kanuni yoyote haikuigusa ibaki katika kisanduku kikuu. Jambo lisiloeleweka huachwa mbele ya macho ya mwenyewe. Jalada la mambo mengineyo, lililokuwa kaburi katika masjala, limefanywa kuwa meza.

Geita ilifikiwa na haya kwa hatua. Herufi za .tz ziliwekwa kwa nchi mwaka 1995. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Geita ikawa mkoa mwaka 2012, na mwaka huo huo ukaanzishwa wakala wa serikali mtandao, uliokuwa mamlaka kamili kwa sheria ya mwaka 2019. Mgodi mpya ulikuwa umekwisha kufunguliwa mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wakaendelea na maduara yao. Mambo ya leseni nayo yakahamia mtandaoni kuanzia mwaka 2015. Mchimbaji mdogo mwenye leseni, ambayo kwa sheria ya mwaka 2010 ni ya miaka 7 na ni ya raia tu, sasa alihitaji anwani ya barua pepe. Aghalabu anwani hiyo hufunguliwa na kijana wa steshenari, naye huijua nywila kuliko mwenye leseni. Mwenye duka na ufunguo wake amerudi kwa sura nyingine. Na ikiwa kanuni iliyowekwa ili kuondoa matangazo inatazama neno "taarifa" katika kichwa cha barua, taarifa ya ada ya leseni itaondoka pamoja na matangazo, na siku zitahesabiwa kana kwamba imesomwa.

Pana tatizo lingine ambalo ni la Geita hasa. Tangu Paul Graham alipoeleza mwaka 2002 njia ya kuzitambua barua taka kwa hesabu ya uwezekano wa kila neno, machujio mengi hayatazami tena kanuni chache za mtumiaji peke yake. Hujifunza kutokana na barua alizopokea mtu na alizozikataa. Neno hupata hukumu kwa kufuatana na jirani zake. Kwa mfanyabiashara wa Geita, ambako soko la madini lilifunguliwa mwezi Machi 2019, neno "dhahabu" ni neno la kila siku, nalo halina kosa. Kwa mnunuzi wa London neno hilo hilo, likiambatana na bei na jina la nchi ya Afrika, limekwisha kuja mara nyingi katika barua za matapeli, na chujio lake limejifunza kulishuku. Basi barua ya kweli yaweza kutoka salama upande mmoja na kuhukumiwa upande wa pili, wala mtumaji hapati habari. Tarishi wa zamani angalau alirudi.

Wachimbaji wa Geita wana neno "marudio" kwa mchanga uliokwisha kuoshwa mwaloni. Mchanga huo hautupwi. Hurundikwa, huuzwa, na hupelekwa kwenye mitambo ya kuchenjua, kwa sababu kila mmoja ajua kwamba zebaki huacha dhahabu nyuma. Masjala nayo, pamoja na ubaya wake wote, iliacha marudio: majalada ya wilaya za Ziwa ya siku za Waingereza yamehifadhiwa katika nyaraka za taifa, Dar es Salaam na Mwanza, na wanafunzi wa historia huyafungua na kuzikuta barua ambazo Bwana Shauri hakuzijibu. Katika Gmail, huduma iliyoanza mwaka 2004 na itumiwayo na watu wengi wa Geita, barua iliyotiwa katika folda ya taka hufutwa yenyewe baada ya siku 30.